Duka Lililobaki Ng'ambo ya Bahari



Taarikhi, kwa kadiri tulivyozoea kuisikia, ni khabari za wafalme na vita, za mikataba na mipaka, za siku bendera ilipopandishwa na siku ilipoteremshwa. Mambo hayo ni ya haki na wala hatuyadharau. Walakini katika mazungumzo haya twapenda kutazama jambo dogo ambalo hakuna mkataba ulioliandika, nalo lilikuwamo vifuani mwa watu wengi waliopata kuhama nchi moja kwenda nyingine. Jambo lenyewe ni kulikosa duka walilolizoea, na soko lao, na mkahawa wao, na yule mwuzaji aliyekaa pembeni mwa njia na kitu chake kimoja, naye akajulikana mtaa mzima kwa kitu hicho.

Mtu atakaye kuhama hujitayarisha kwa mambo makubwa. Ajua kwamba atakosa ndugu na jirani, atakosa lugha, pengine atakosa hata hewa aliyoizoea. Na kwa ajili ya hayo huagana na watu na kuombewa dua. Lakini kwa lile dogo hajitayarishi. Hafikiri kwamba asubuhi ya kwanza ataamka akitaka mkate wa namna yake, uliopikwa na mtu amjuaye, na mkate huo haupo. Si kwamba ni ghali, wala si kwamba umekwisha leo na kesho utapatikana. Haupo kabisa, na wenyeji hawana hata jina lake. Hapo ndipo wengi wanapotambua kwamba wamehama kweli kweli. Wahenga walisema, "Mtu kwao". Nasi twaona kwamba katika neno hilo "kwao" hatuna budi kulitia na duka la pembeni, pale mtu anapopewa haja yake kabla hajafungua kinywa.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tumechagua khabari za pwani mbili zinazotazamana kwa mbali, yaani Maskati na Unguja. Tumezichagua kwa sababu watu wake walivuka bahari mara mbili. Mara ya kwanza walitoka Oman wakaja Unguja, khasa katika karne ya 19. Na mara ya pili wajukuu na vitukuu vyao walitoka Unguja wakaenda Oman, baada ya mwaka wa 1964 na khasa baada ya mwaka wa 1970. Katika safari zote mbili waliacha maduka nyuma yao, na katika zote mbili waliyatamani. Tukizitazama safari hizo pamoja twaweza kujifunza jinsi duka linavyomfuata mtu, na mara nyingine jinsi linavyokataa kumfuata.

Seyyid Said bin Sultan alifika Unguja mara ya kwanza mwaka wa 1828, na baada ya miaka michache akaufanya mji huo kuwa makao yake makuu. Pamoja naye, na baada yake, walikuja Waarabu wengi wa Oman, wakubwa kwa wadogo, wakapata mashamba na kupanda mikarafuu. Nchi waliyoijia ilikuwa na neema ambayo kwao hawakuijua: mvua mara mbili kwa mwaka, minazi isiyohesabika, ndizi, maembe, machungwa. Mtu angedhani kwamba aliyetoka katika majabali makavu akafika katika neema kama hiyo hawezi kulilia chakula cha kwao. Lakini moyo wa mwanadamu hauendi kwa hesabu hiyo. Mtende haukuzaa Unguja kama unavyozaa Oman, kwani wataka jua kali na hewa kavu wakati wa kuiva. Kwa hiyo yule aliyezungukwa na matunda ya kila namna alikaa akiisubiri tende.

Naye aliisubiri kwa muda uliojulikana. Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia mwezi wa Disemba mpaka Machi, na kwa upepo huo majahazi yaliteremka kutoka Ghuba na pwani ya Arabuni. Yalileta tende na samaki wa chumvi, papa mkavu, mazulia, na abiria. Na kusi ilipoanza kuvuma, baada ya mwezi wa Aprili, yalirudi na karafuu, nazi, nafaka, na boriti za mikoko za kujengea nyumba. Hata mwaka wa 1939 biashara hiyo ilikuwa hai, kwa maana baharia mmoja wa Australia, Alan Villiers, alisafiri katika jahazi la Kuwait lililofika Unguja na kupakia boriti katika delta ya Rufiji, na khabari zake akazitia katika kitabu. Basi Mwarabu wa Unguja hakukosa duka la kwao. Duka lenyewe lilikuwa na matanga, nalo lilifunguliwa mara moja kwa mwaka.

Twaomba msikilizaji aliangalie jambo hili vizuri. Seyyid Said alifariki baharini mwaka wa 1856. Na mwaka wa 1861, kwa hukumu iliyotolewa na Waingereza, Unguja na Maskati zikawa dola mbili mbalimbali, Unguja ikitakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Serikali ziligawanyika, lakini majahazi hayakugawanyika. Watu waliendelea kula tende ya Maskati katika mwezi wa Ramadhani kama walivyokula kabla ya hukumu hiyo. Na kitu kingine kilichokuwa cha Maskati kikaota mizizi Unguja na Pemba, nacho ni halua. Halua hupikwa katika sufuria kubwa ya shaba kwa sukari, wanga, samli, hiliki na zafarani, ikikorogwa kwa saa nyingi pasipo kuachwa. Kwanza ilikuwa tamu ya wageni waliokumbuka kwao. Kisha mafundi wakafundisha wengine, vikapu vya ukili vikapatikana vya kuifungia, na watu wakaizoea pamoja na kahawa chungu. Leo mtu wa Wete akiulizwa halua ni ya wapi, atajibu pasipo kusita kwamba ni ya Pemba. Naye hasemi uwongo.

Hiyo ndiyo sura ya kwanza: mtu aliyehama na chombo kikamfuata. Lakini tusiwe kama wale wasimuliao khabari za tende wakawasahau waliochuma karafuu. Katika miaka hiyo hiyo watu maelfu kwa maelfu waliletwa Unguja bila ya hiari yao, kutoka nchi za Ziwa Nyasa, na Uyao, na hata Manyema, wakauzwa kama bidhaa. Nao pia walikuwa wamehama. Nao pia walikuwa na vyakula vyao walivyovijua tangu utoto, na magulio yao, na mito yao yenye samaki wa jina lake. Lakini kwao hapakuwa na upepo wa kaskazi. Hakuna chombo kilichotoka bara kuwaletea hata kiganja kimoja cha ulezi wa nyumbani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria mwaka wa 1897. Na kwa muda wote huo kabla yake, walichopata wengi wa watu wa mashambani kilikuwa kipande cha ardhi, na siku ya Alkhamisi na ya Ijumaa za kukilima wenyewe.

Katika vipande hivyo walipanda muhogo zaidi ya kitu kingine. Na muhogo nao ulikuwa mgeni, kwani asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno. Hivyo watu walioondolewa makwao walijishibisha kwa mmea ulioondolewa kwao, na ziada yao ikafika mjini ikauzwa. Muhogo wa kuchoma na pilipili na chumvi, ambao leo Mwunguja yeyote huutamani anapokuwa mbali, umetoka katika mikono hiyo. Yafaa tulikumbuke jambo hili kila tunaposikia watu wakisifu vyakula vya Unguja kama kwamba vililetwa vyote na merikebu za matajiri.

Mji wenyewe ulikua, na maduka yakakua pamoja nao. Neno lenyewe "duka" halikuzaliwa hapa. Waarabu husema dukkan na Wahindi husema dukan, na Kiswahili kikalipunguza likatutosha. Mabaniani, Makhoja na Mabohora walifungua maduka ya nafaka, viungo na nguo. Washihiri walipita vichochoroni na madele yao ya kahawa, wakigonganisha vikombe ili watu wajue kwamba wanapita. Wengine walichoma mishkaki, wengine walikaanga bajia na sambusa, wengine walioka mkate wa ajemi, ambao jina lake latosha kueleza kwamba ulitoka Uajemi. Soko kubwa la Darajani lilijengwa mwaka wa 1904, karibu na pale palipokuwa na daraja la kuvukia mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mwaka wa 1936, kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Haroub, bustani ikafunguliwa mbele ya bahari pale Forodhani, na baada ya muda bustani hiyo ikawa mahali pa kula usiku, kwa mwangaza wa taa, pweza na mishkaki na miwa.

Lakini duka la namna hiyo halikuwa mahali pa kununua tu. Mwenye duka alikuwa na daftari, na katika daftari aliandika deni la kila nyumba. Mtoto alitumwa robo ya sukari akapewa bila ya fedha, kwa kuwa baba yake ajulikana. Mwenye duka alijua ni nani ana mgonjwa, ni nani amepata mgeni kwa kuwa mchele umeongezeka, na ni nani amepatwa na dhiki kwa kuwa mchele umepungua. Kukopeshwa ni kuaminiwa, na kuaminiwa hakupakiwi katika sanduku. Mtu akihama huondoka na fedha zake akizipata, huondoka na nguo zake. Lakini jina lake jema katika daftari la mwenye duka hawezi kuondoka nalo. Mji mpya atakaoufikia, atakuwa mnunuzi wa fedha taslimu tu, kama mpita njia.

Sasa natutazame sura nyingine, ya mtu aliyehama peke yake. Sayyida Salma, binti wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka wa 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza, akafika Aden; na huko mwaka wa 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na mfanya biashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kukaa Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya gari la njiani, akamwacha na watoto watatu wadogo. Mwaka wa 1886 alitoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, na ndani yake mambo ya jikoni na ya mezani ya nyumba ya baba yake yameelezwa kwa kirefu, jambo ambalo wanataarikhi wengi wa zamani wasingeliona kuwa lina maana.

Hamburg haikuwa mji usiojua Unguja. Wafanya biashara wake walikuwa na majumba ya biashara Unguja, na bidhaa za Unguja zilifika katika bandari yake. Karafuu ilivuka bahari, na pembe za ndovu zilivuka, kwa kuwa zilikuwa na wanunuzi wengi. Lakini chakula cha Unguja kilitakiwa na mtu mmoja tu, na mnunuzi mmoja hawezi kumfanya mtu afungue duka. Tena bibi huyu hakuwa amezoea kwenda sokoni. Kwa mabibi wa nyumba ya kifalme, soko ndilo lililowajia. Kwa hiyo aliyoyakosa yalikuwa mawili kwa pamoja, chakula na namna ya kukipata. Alirudi kuitazama Unguja mwaka wa 1885 na mwaka wa 1888, lakini hakuweza kukaa. Alifariki Ujerumani mwaka wa 1924, na katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, ukazikwa pamoja naye. Mchanga hauliwi wala hauuzwi. Lakini aliyekosa yote mengine aliweza kuuhifadhi, kwa kuwa ulikuwa kitu pekee cha kwao kisichooza.

Basi tumekwisha kuona watu wa namna tatu: aliyehama na chombo, aliyehamishwa bila ya chombo, na aliyehama peke yake. Sura ya nne ni ya watu wa karibu zaidi na zama zetu, na wengi wao wako hai.

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mapinduzi Unguja. Watu wengi waliuawa, na wengi wakaondoka, Waarabu na Wahindi na Wangazija na wengineo, baadhi yao kwa kufukuzwa na baadhi kwa khofu. Walikwenda popote walipopokelewa: Mombasa na Dar es Salaam, Cairo, Kuwait, Dubai, Uingereza. Oman, nchi ya babu zao, haikuwafungulia mlango wengi wao wakati huo. Sultani Said bin Taimur aliifunga nchi yake. Barabara ya lami haikuzidi kilomita 10 hivi, na milango ya mji wa Maskati ilifungwa usiku. Ndipo tarehe 23 Julai 1970 mwanawe, Qaboos bin Said, akashika utawala, akawaita Waomani walioko nje warudi wajenge nchi. Wakarudi wengi, kutoka Unguja na Pemba, na kutoka Kenya na Tanganyika, na hata kutoka Burundi, Rwanda na Kongo. Walirudi na elimu, na lugha ya Kiswahili, na ndimi zilizozoea nazi.

Hapa taarikhi iligeuka juu chini. Babu alikaa Unguja katikati ya minazi akiisubiri tende. Mjukuu alikaa Maskati katikati ya mitende akiitafuta nazi. Sokoni aliona tende za namna kwa namna, ndimu kavu, papa, nguru. Lakini hakuona muhogo mbichi, wala kisamvu, wala shelisheli, wala ndizi mbichi za kupika, wala shokishoki wala doriani. Na aliyetoka mwaka wa 1964 kwa haraka hakuchukua mbuzi ya kukunia nazi; kwani mtu anayekimbia huchukua mtoto na karatasi, hachukui vyombo vya jikoni.

Nazi zenyewe Oman zinazo, lakini mbali. Katika nchi ya Dhofari, kule Salala, upepo wa kusi huleta manyunyu na ukungu kuanzia mwezi wa Juni mpaka Septemba, na minazi na migomba na mipapai huota pwani kama iliyo Unguja. Kutoka Maskati mpaka huko ni safari ya kilomita 1,000 hivi. Aliyefika Salala kwa mara ya kwanza, akaona kando ya njia vibanda vinavyouza madafu na ndizi mbivu, alipata mfano wa kwao ndani ya nchi ya babu zake. Nazi nyingine zilikuja kwa meli kutoka Bara Hindi, na baadae tui likapatikana katika makopo. Kidogo kidogo jiko lilianza kusimama.

Na aliyelisimamisha alikuwa mwanamke. Jambo hili hatuna budi kulisema wazi, kwani mara nyingi husemwa kwamba watu "walihifadhi mila zao" kana kwamba mila hujihifadhi zenyewe. Vile ambavyo Unguja vilinunuliwa njiani kwa senti chache, Maskati vilipikwa nyumbani kwa kazi ya nusu siku. Mandazi, ambayo Unguja mtoto alitumwa kuyanunua alfajiri, sasa mama aliumua unga usiku ili ayakaange mwenyewe. Mkate wa kumimina, mkate wa ufuta, kachori, bajia, achari ya maembe: kila kimoja kilikuwa na fundi wake mtaani, na sasa mafundi wote hao walitakiwa wawe mtu mmoja. Wengine wakaanza kupika zaidi ya haja yao na kuwauzia jirani. Hivyo duka lilizaliwa tena likitokea jikoni. Na mwenzao aliyekwenda Unguja kuzuru hakurudi mikono mitupu. Alibeba karafuu, mdalasini, iliki, na chochote kisichoharibika njiani. Lile jahazi la zamani likawa sanduku la abiria wa ndege.

Leo mtu akipita jioni katika mitaa ya Maskati ataona moshi wa makaa kando ya njia, na nyama katika vijiti, na chatini ya ukwaju pembeni. Akiuliza jina lake ataambiwa mishkaki, au kwa matamshi ya Kiarabu mishkak, na Waomani ambao hawajapata kukanyaga Unguja huila na kuihesabu kuwa yao. Mandazi hali kadhalika. Ni kama halua ilivyofanya Pemba, ila safari hii kitu kimekwenda upande wa pili. Katika hesabu ya bahari deni limelipwa.

Hata hivyo tusidhani kwamba mambo yamekwisha hapo. Muulize aliyeondoka Unguja akiwa kijana kama mishkaki ya Maskati yamtosha. Atasema ni mizuri, kisha atanyamaza kidogo. Au mtazame na urojo. Urojo ni mchuzi wa unga na embe au ndimu, wenye kutiwa viazi, bajia, kachori, chatini ya nazi, pilipili, na chipsi za muhogo juu yake. Vyote hivyo vyapatikana Maskati. Mama wa nyumba aweza kuupika barabara. Lakini urojo wa nyumbani haukuzungukwa na watu waliosimama na mabakuli yao mkononi, wakitaniana na mwuzaji, huyu akitaka pilipili zaidi, yule akidai kwamba jana alipunjwa kachori. Bakuli limevuka bahari, lakini baraza haikuvuka.

Na hapa pana jambo la kuhuzunisha zaidi, ambalo wengi waliohama walichelewa kulijua. Duka walilolitamani, huko nyuma nako halikuwapo tena. Baada ya mwaka wa 1964 wenye maduka wengi waliondoka, na milango yao ikafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika utawala wa Sheikh Abeid Amani Karume, mchele, unga wa ngano na sukari vilikuwa adimu Unguja, na watu walipanga foleni kwa kugawiwa. Kwa hiyo aliyebaki naye alikosa. Alikuwa amekaa mtaa ule ule, nyumba ile ile, na kila siku alipita mbele ya mlango ule ule wa duka, nao umefungwa. Waliohama hukumbuka kwa sababu wako mbali. Waliobaki walikumbuka wakiwa karibu, na huenda hilo ni gumu zaidi. Mara nyingi husikika ubishi kati ya pande mbili hizi, ni nani aliyepoteza zaidi. Sisi hatuamui. Twasema tu kwamba, katika khabari hii ya duka, wote wawili wamefiwa na mtu mmoja.

Biashara ilipofunguliwa tena Unguja katika miaka ya 1980, na safari zikawa nyepesi, wengi walirudi kutembea. Walikuta Darajani ingalipo, na kahawa ingali ikinywewa vibarazani. Forodhani walikuta moshi na taa. Bustani ikatengenezwa upya na kufunguliwa mwaka wa 2009, na wageni wa nchi zote hula pale pamoja na wenyeji. Lakini wauzaji ni wengine. Mwenye kurudi hutafuta uso, naye huonyeshwa chakula. Hilo si kosa la wauzaji wapya, ambao wana haki ya riziki yao na ambao kwa watoto wa leo ndio wauzaji wa asili. Ni kwamba duka tunalolitamani liko katika mwaka fulani, si katika mtaa fulani, na hakuna chombo kinachosafiri kwenda huko.

Je, khabari hizi zatufunza nini? Kwanza zatufunza kutazama sahani yetu kwa heshima. Muhogo umetoka Amerika, karafuu imetoka visiwa vya mashariki ya mbali, mkate wa ajemi Uajemi, chapati Bara Hindi, halua Maskati. Karibu kila kitu tunachokiita chetu kililetwa na mtu aliyekuwa mbali na kwao, naye alikipika ili asahau kidogo, au ili asisahau kabisa. Mwenye kujivunia chakula cha kwao na kumdharau mgeni anayetafuta cha kwake, amesahau kitu alichokitia kinywani asubuhi.

Pili, zatufunza wajibu kwa anayehamia kwetu. Twamwonyesha mgeni njia ya posta, na ya hospitali, na ya msikiti au kanisa. Tumwonyeshe pia mahali ambapo huenda akapata unga wa namna yake au samaki wa namna yake. Ni jambo dogo kwetu, na kwake litakuwa kubwa. Na mgeni naye alitafute duka la hapa alipo, alisalimie kila siku, mpaka jina lake liandikwe katika daftari. Kwani akikaa miaka 20 akiisubiri kaskazi ivume, atakosa na tende na nazi.

Tatu, na hili ndilo tunaloliona la haraka. Majina ya masultani yameandikwa, na majina ya manowari yameandikwa. Lakini yule Mshihiri wa kahawa wa mtaa wetu, yule bibi wa mandazi wa alfajiri, yule mwenye duka aliyemkopesha mama mchele katika mwezi mgumu, wao hawakuandikwa popote ila katika vichwa vya wazee, Unguja na Maskati na kwingineko, na vichwa hivyo vinatuondoka mmoja mmoja. Msikilizaji mwenye mzee nyumbani na amwulize leo hii: ulipokuwa mtoto, ulitumwa duka la nani? Alikupa nini cha kubembeleza? Aliketi upande gani wa njia? Kisha akae na karatasi, aandike majibu kama atakavyoyasikia. Haitakuwa kazi kubwa, na baada ya miaka michache hakutakuwa na mtu mwingine awezaye kuifanya.